Leta gani?

Neno la siasa linalotamkwa kuliko yote hapa Lubumbashi si demokrasia wala uchaguzi. Ni Leta. Redioni watangazaji husema serikali, vitabu navyo huandika serikali, lakini shuka kwenye basi pale soko la Kenya, mojawapo ya komini (manispaa ndogo) za mji huu, simama kidogo kando ya wauza makala, utasikia lile lingine. "Leta imekatala." "Ile shamba ni ya Leta." "Batu ba Leta bamesha kuya." Asili yake ni Kifaransa, l'État, tukalimeza pamoja na herufi yake ya mbele likawa letu kabisa. Hata jirani zetu Wanyarwanda wanalo.

Mimi ni mwalimu wa historia na uraia katika shule ya sekondari. Kila mwaka tukifika kwenye somo la mamlaka ya nchi, nawaomba wanafunzi waandike sentensi moja yenye neno Leta. Kamwe hawaandiki kitu kimoja. Huyu anaandika juu ya polisi wa barabarani, yule juu ya mshahara wa baba yake, mwingine juu ya diploma, mwingine juu ya kiwanja cha familia kilichowekewa alama ya msalaba mwekundu ukutani. Nimesoma sentensi hizo mwaka hadi mwaka, na nimekuja kuamini kwamba wingi wa maana za neno hili si utajiri wa lugha tu. Wapo wanaojificha ndani yake.

Historia kwanza, maana bila hiyo hatuelewani. Mwaka 1885 mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alitambuliwa na madola ya Ulaya kuwa mwenye Kongo, na nchi ikaitwa État indépendant du Congo. Kwa hiyo babu zetu hawakukutana na neno État kama wazo la kitabuni. Lilikuwa jina la mtu aliyefika na bunduki na daftari. Kule magharibi walimwita Bula Matari, mvunja mawe, jina alilopewa Stanley, wakala wa Leopold, kabla halijawaangukia watumishi wote wa mfalme. Huku kwetu Leta ilijitambulisha Bunkeya, makao ya Mwami Msiri. Tarehe 20 Desemba 1891, kapteni Bodson, mmoja wa msafara wa Stairs uliokuja kwa niaba ya Leopold, alimpiga risasi Mwami Msiri aliyekuwa amekataa kuinamia bendera yao. Bodson naye alipigwa, akafa. Ufalme wa Garenganze ukavunjika, na Katanga ikawa na Leta.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1900 ikaundwa Kamati Maalumu ya Katanga kusimamia ardhi, mwaka 1906 ikazaliwa kampuni ya shaba Union Minière, mwaka 1910 reli kutoka kusini ikafika, na mji wa Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ukaanza kujengwa. Wazee wa hapa wana desturi ya kutaja watu watatu wa enzi ile kwa pumzi moja: Leta, Kampuni, Misioni. Leta ilitoza kodi na kupeleka watu jela, Kampuni ilitoa kazi na unga, Misioni ilifundisha na kubatiza. Vitabuni wanatengwa vizuri. Katika maisha ya mchimba shaba walikuwa watu wa meza moja. Desemba 1941 wafanyakazi Waafrika wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa mjini. Madai yao yalikuwa kwa Kampuni. Risasi zilizowaua zilitoka kwa askari wa Leta. Nikiwasomesha wanafunzi tukio hilo sikosi kusikia mmoja akiuliza: sasa nani aliua, Leta ao Kampuni? Ni swali zuri kuliko majibu mengi niliyowahi kusoma.

Kisha likaja jambo ambalo wageni husahau, kwamba Leta iliwahi kuwa mbili. Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja baada ya uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi peke yake, yenye bendera ya misalaba mitatu ya shaba, noti zake na askari wake. Ilidumu mpaka Januari 1963. Bado nawasikia wazee wakisema "wakati wa Leta ya Katanga", na ukiwasikiliza kwa makini utajua kila mmoja alikaa upande gani. Kwa mmoja maneno hayo yana sauti ya fahari. Kwa mwenzake ambaye wazazi wake walitoka Kasai na kukimbilia kambi ya wakimbizi ya Umoja wa Mataifa pembeni mwa mji mwaka 1961, maneno yale yale yana baridi. Sioni sababu ya kumlazimisha yeyote kati yao abadilishe sauti yake.

Chini ya Mobutu neno lilijaa zaidi. Tangu mwaka 1967 migodi ya Union Minière ikawa mali ya nchi, na baadaye ikaitwa Gécamines. Leta na Kampuni zikawa kitu kimoja waziwazi. Halafu chama cha MPR nacho kikatangazwa kuwa ndicho dola, na kila mtoto aliyezaliwa akahesabiwa mwanachama. Kwa hiyo mtu mmoja, akisema Leta mwaka 1980, aliweza kuwa anamaanisha rais, chama, bosi wake mgodini, hospitali alikozaliwa mwanawe, mfuko wa unga wa kila mwezi na zamu ya salongo ya kufagia barabara. Wote hao jina moja.

Maana ya ulezi ndiyo iliyoacha kidonda kikubwa katika mji huu. Gécamines ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, fedha za matengenezo hazikuwapo, siasa zikachafuka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 20,000. Mwaka 2003 wafanyakazi wapatao 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Nenda katika makambi ya zamani ya wafanyakazi ukazungumze nao. Hawasemi kampuni ilifilisika. Wanasema: "Leta ilitutupa." Mchumi atakwambia wanachanganya mambo. Mimi nasema hawachanganyi. Leta ndiyo iliyokuwa mwajiri, mwenye shule, mwenye zahanati, mwenye nyumba na mwenye hazina iliyokuwa ikichota faida ya mgodi. Walimwita mdaiwa kwa jina lake.

Sitaki msomaji adhani neno hili ni la machungu tupu. Kuna mahali linang'aa. Matokeo ya mtihani wa mwisho wa sekondari yakitoka, mtaa mzima hulipuka. Vijana humwagiana poda nyeupe kichwani, akina mama hupiga vigelegele, pikipiki zinapita zikipiga honi, na mwenye kufaulu anatembea katikati ya barabara akiwa mweupe mpaka kope. Anaitwa nani tangu siku hiyo? Diplome wa Leta. Amepata diploma ya Leta. Hapo neno halimtishi mtu. Linamaanisha kwamba karatasi yake ina thamani ile ile Kasumbalesa, Kisangani na Kinshasa, kwamba mtoto wa muuza samaki wa Katuba alifanya mtihani ule ule alioufanya mtoto wa waziri. Mama mmoja aliniambia, akiwa bado na poda mikononi, "Mwalimu, leo Leta imemuona mtoto wangu." Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu. Kuonwa na Leta bila kuombwa kitu, hilo kwake lilikuwa jambo la kufurahia.

Maana mama huyo huonwa na Leta kila siku kwa njia nyingine. Yeye ni muuza nyanya. Asubuhi, kabla hajamaliza kupanga mafungu yake juu ya gunia, anafika kijana mwenye kitabu cha tiketi. Anachana kikaratasi chembamba cha upana wa vidole viwili, muhuri wake umefifia hadi hausomeki, anapokea noti, anaondoka. Mama anakikunja kikaratasi kile mara tatu na kukifunga kwenye pindo la kitenge, pamoja na chenji. Hakitupi, kwa sababu kabla ya adhuhuri atakuja mwingine, mwenye kitabu cha rangi tofauti, na huyo wa pili hatakitambua cha kwanza. Nilimuuliza siku moja: "Mama, huyu ni wa komini, ao ni wa meya, ao ni wa provensi?" Akanitazama kama mtu anayemhurumia msomi. "Mwalimu, bote ni Leta."

Hapo ndipo ninapotaka kukaa. Bote ni Leta. Kwa sikio la Kiswahili neno lenyewe linafanana na amri, leta, na mbele ya meza yake ya nyanya maana hizo mbili hazina umbali. Lakini angalia nani ananufaika na jibu lake. Kama wote ni Leta, wa pili hana haja ya kueleza kwa nini anatoza alichokwisha kutoza wa kwanza. Kama wote ni Leta, mtaro ulioziba nyuma ya soko hauna mwenyewe. Meya atasema hilo ni la provensi, provensi itasema Kinshasa haijatuma fedha, Kinshasa iko umbali wa ndege. Mwananchi anabaki na neno moja kubwa lisilo na anwani. Wakati wa kutoza, Leta ina miguu mingi. Wakati wa kudaiwa, haina hata mmoja.

Mwaka jana kabini ya umeme ya mtaa wetu iliungua. Giza lilikaa mpaka tukachoka. Ikaitwa mikutano, ikaletwa daftari ya shule yenye jalada la bluu, na mzee wa barabara yetu akapiga mistari kwa rula: nambari ya parsele, jina, kiasi, sahihi. Tulichanga, nyumba kwa nyumba, kununua kifaa ambacho si chetu na kitakachobaki kuwa cha shirika la umeme hata baada ya sisi kukilipa. Kila mtu wa Kongo anaijua habari hii, haina haja ya kunyooshwa. Ninachotaka kueleza ni maneno yaliyosemwa. Dada mmoja mwenye saluni, ambaye bila umeme hana kazi, alipofika kuweka sahihi alisema kwa sauti: "Leta iko wapi?" Kimya kikatanda. Kisha kijana mmoja, mwenye moyo mwema kweli, akajibu: "Yaya, siye njo Leta." Watu wakapiga makofi.

Mimi sikupiga. Nayasikia maneno hayo kila mahali siku hizi, makanisani, kwenye mikutano ya vyama, katika mafunzo ya mashirika: Leta ni sisi. Yana utamu, na najua yanakusudiwa kututia nguvu. Lakini katika mtaa ule, usiku ule, yalifanya kazi gani? Yalimfunga mdomo yule dada. Yaligeuza deni la mwenye wajibu kuwa wema wa mwenye kudai. Ikiwa mimi ndiye Leta, basi kodi ninayokatwa, bili ya umeme ninayolipa na mchango ninaotoa kwenye daftari la bluu vyote ni kutoka mfuko wangu kwenda mfuko wangu, na hakuna wa kuulizwa. Swali la dada yule lilikuwa la raia. Makofi yalikuwa ya kuliua.

Watu wa vyuo hupenda kuandika kwamba "Leta iko wapi?" ni maneno ya kukata tamaa, ya watu waliozoea kutegemea. Sikubali. Aliyekata tamaa haulizi. Katiba ya Kasai ya kusini, nayo iliyojitenga na Kongo, kwa utani wa miaka ya 1960 ilipachikwa kifungu cha 15 kinachosema jitafutieni njia zenu, na tangu hapo Wakongo wamejitafutia kweli. Wanaouliza Leta iko wapi ni watu hao hao waliokwisha kujitafutia, waliokwisha kuchanga, waliokwisha kumlipa mwalimu prime yake, nyongeza ya mshahara kutoka mfukoni mwa wazazi, kwa miaka karibu 30 mpaka elimu ya msingi ya bure iliyoandikwa katika kifungu cha 43 cha Katiba ya nchi ilipoanza kutekelezwa mwaka 2019. Wanajua walichotoa. Wanauliza upande wa pili uko wapi.

Tangu mwaka huo huo wa 2019 tumeletewa usemi mpya kutoka juu, État de droit. Uko katika kifungu cha kwanza kabisa cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, lakini sasa ndio umekuwa wimbo wa kila hotuba. Kwa Kiswahili chetu ukawa "Leta ya sheria". Niliuandika ubaoni na kuuliza darasa linaelewa nini. Mkono wa kwanza: Leta yenye sheria kali. Wa pili: Leta inayofunga wezi. Wa tatu: Leta inayoleta sheria nyingi. Binti mmoja wa nyuma, ambaye huongea mara chache, ndiye aliyefika: "Ni kusema Leta nayo inafunguliwa mashtaka?" Nikasema ndiyo, ndiyo maana yake, sheria iko juu ya Leta yenyewe. Akafikiri kidogo. "Mwalimu, na nani atayifunga?" Darasa halikucheka. Tulitumia saa yote iliyobaki juu ya mahakama, Mahakama ya Katiba, korti ya hesabu, na kwa nini jaji anayesubiri mshahara miezi mingi hawezi kumwita gavana.

Nilitoka darasani nikiwa na hakika zaidi kwamba swali la Leta iko wapi, pamoja na ukweli wake, halitoshi. Linahitaji ndugu yake: Leta gani?

Swali hilo leo lina majibu, na majibu yameandikwa. Chukua shaba na kobalti zinazopita mbele ya macho yetu kwenye malori kuelekea mpaka wa Kasumbalesa. Kanuni ya migodi ya mwaka 2018 inasema malipo ya madini, asilimia 3.5 kwa shaba na asilimia 10 kwa kobalti iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati, yanagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa provensi, asilimia 15 kwa komini, sekta au uchifu ambamo mgodi upo, asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Leta nne katika mfuko mmoja. Asilimia 15 haihitaji kupanda ndege kwenda Kinshasa wala kurudi. Vilevile kifungu cha 175 cha Katiba kinazipa provensi asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, zizuiliwe hapo hapo zinapokusanywa, jambo ambalo limekuwa ugomvi usiokwisha kati ya provensi na Kinshasa. Mwaka 2015 Katanga ilikatwa vipande vinne, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kila kipande kina gavana, bunge na mawaziri wake. Idadi ya watu wanaoitwa Leta iliongezeka sana. Idadi ya watu wanaoulizwa, sijaiona ikiongezeka.

Na komini ina wawakilishi. Hapa mjini watu weusi walipiga kura ya komini kwa mara ya kwanza Desemba 1957, enzi ya Wabelgiji bado. Matokeo yalitikisa Katanga, kwa sababu wengi waliochaguliwa walikuwa wazaliwa wa nje ya jimbo, na mwaka uliofuata kikaundwa chama cha Conakat, cha kutetea Wakatanga wenyeji. Uchaguzi wa komini ulileta mtikisiko wote huo kwa sababu watu walijua hasa ni Leta ipi waliyokuwa wakiishika. Kisha ngazi hiyo ikanyang'anywa, mabugumesta, wakuu wa komini, wakawa wa kuteuliwa, na chini ya Katiba ya 2006 ilichukua mpaka tarehe 20 Desemba 2023 kupiga kura ya makonseye (madiwani) wa komini, tena katika miji mikuu ya provensi pekee. Nilikuwa kwenye foleni. Wengi mbele yangu walijua wanamtaka nani kuwa rais. Kwa konseye walikuwa wakiangalia picha.

Nimeyasema haya kwenye mkutano wa mtaa baada ya umeme kurudi, wakati habari ilikuwa imegeuka kuwa mtaro unaofurika kila Januari. Tulianza kama kawaida, Leta iko wapi. Nikaomba tuandike ubaoni kila tunachokidai na mbele yake jina la ofisi. Mtaro wa barabara ya ndani: komini. Barabara kubwa ya lami: provensi. Tiketi mbili za soko: hapo tulibishana saa nzima, na mwisho tukaandika majina mawili na alama ya kuuliza. Kabini: shirika, na nakala kwa waziri wa provensi mwenye nishati. Yule dada wa saluni ndiye aliyeandika barua ya mtaro, kwa mwandiko wake mzuri, na aliandika "Kwa Bugumesta" mahali ambapo zamani tungeandika "Kwa wakubwa wa Leta". Chini yake aliweka majina ya makonseye wa komini yetu, mmoja baada ya mwingine, ili wapate nakala.

Karani alipokea, akapiga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Jibu halijaja bado. Mkutano ujao ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na ajenda ya kwanza ni nani kati yetu ataongozana na dada kwenda kumuona konseye, tukiwa na nakala ile yenye muhuri, kabla mvua hazijaanza.